Wale tisa wa Arusha: nilivyowajua nikiwa boda ya Busia

Nimeliona swali la ndugu yetu wa Nakuru. Anasema amepiga kura tangu 2002 na hajawahi kukutana na jina la mgombea wa Bunge la Afrika Mashariki kwenye karatasi, sasa hao waheshimiwa wanatoka wapi, na kazi yao nini? Mwingine hapo juu kamjibu kwamba wanakaa Afrika Kusini wakinywa chai. Ngoja nijaribu mimi. Miaka kumi na mmoja nilikuwa wakala wa forodha Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kabla sijarudi nyumbani Kisumu, na ugali wa watoto wangu ulitoka kwenye sheria za hao watu.

La Afrika Kusini tulimalize kwanza. Linalokaa Midrand ni Bunge la Afrika, la Umoja wa Afrika. Kila nchi hupeleka watu watano, na zaidi ni la kushauri. Letu liko Arusha, na linatunga sheria hasa, zile za kufungwa na kutozwa faini.

Sasa, ndugu, hukuona jina kwenye karatasi kwa sababu karatasi hiyo si yako. Kifungu cha 50 cha Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kinasema bunge la kila nchi litachagua watu tisa ambao si wabunge wake. Kwetu wapigaji kura ni wabunge na maseneta. Ulaya wananchi wanachagua wabunge wao wa pamoja moja kwa moja tangu 1979, sisi bado. Hao tisa wawakilishe vyama vilivyomo bungeni, mitazamo tofauti, jinsia na makundi maalumu, "kadiri inavyowezekana". Hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayoleta kelele zote, kwa sababu kila chama kina kipimo chake cha kinachowezekana. Novemba 2022 muungano wa Kenya Kwanza, ulio serikalini, ulipata watano na ule wa Azimio, wapinzani wake, wanne. Muhula ni miaka mitano, na mtu anaweza kurudi mara moja tu.

Lilipoanza Novemba 2001 lilikuwa na watu 27: Kenya, Uganda na Tanzania, tisa tisa. Rwanda na Burundi wakaingia 2007, Sudan Kusini 2016, Kongo 2022, Somalia 2024. Nane mara tisa ni 72. Juu yao kuna mawaziri wa masuala ya Jumuiya, mmoja kila nchi, pamoja na Katibu Mkuu na Mwanasheria wa Jumuiya. Hawa wanaingia na kuongea lakini hawapigi kura. Uspika huzunguka kati ya nchi.

Najua mtauliza: Kongo yenye watu zaidi ya milioni mia inakuwaje ina viti sawa na Burundi? Ni makusudi. Jumuiya ya kwanza ilivunjika 1977, na walioiunda upya hawakutaka mdogo aone anamezwa. Tena kuna kufuli nyingine ambayo wengi hawaijui, nayo ni akidi. Haitoshi nusu ya wabunge wawepo. Lazima kila nchi iwe na angalau theluthi ya watu wake ukumbini, yaani watatu kati ya tisa. Kwa hiyo watu saba wa nchi moja wakibaki hotelini, kikao hakuna.

Na hapa ndipo mtu wa Kisumu anapoingia kwenye hadithi. Mwaka 2006 Bunge letu la Nairobi lilitakiwa kupeleka tisa wapya. Badala ya wabunge kupiga kura, majina yalipitishwa kwenye kamati ya shughuli za Bunge na kupelekwa Arusha kama orodha ya harusi. Anyang' Nyong'o, wakati huo mbunge wa Kisumu Rural, na wenzake kumi wakaenda Mahakama ya Afrika Mashariki. Tarehe 27 Novemba mahakama ikazuia wale tisa wasiapishwe. Wazee wetu hapa Kondele waliokuwa wamezoea kesi za siasa kulala kabatini miaka mitano hawakuamini redio. Machi 2007 hukumu ikatoka: kilichofanyika Nairobi hakikuwa uchaguzi kwa maana ya kifungu cha 50, na kanuni zenyewe zilizotumika zilikuwa zinakiuka Mkataba. Bunge la pili la Arusha likaanza Juni 2007 badala ya mwisho wa 2006.

Lakini wakubwa hawakufurahi. Kabla hata ya hukumu kutoka, Desemba 2006, marais walikuwa wameshakubaliana kuurekebisha Mkataba. Mahakama ikagawanywa ngazi mbili ili pawe na rufaa, na sababu za kumwondoa jaji zikaongezwa. Mimi naona rufaa ni jambo zuri. Ila ukiangalia saa iliyochaguliwa, unajua fimbo ilikuwa inamlenga nani.

Mnadhani tulijifunza? Mwaka 2017 vyama vyetu vikavutana tena juu ya majina, na Bunge la nne lililotakiwa kuanza Juni likasubiri Kenya mpaka Desemba. Nchi nyingine zilikuwa tayari, watu wao wamekaa tu. Huwa sisemi sana kuhusu hili nikiwa na rafiki zangu Waganda.

Kazi yao sasa. Ukisoma Mkataba utakuta kutunga sheria, kujadili na kupitisha bajeti ya Jumuiya, kupitia ripoti za ukaguzi wa hesabu, kupeleka mapendekezo kwa Baraza la Mawaziri la Jumuiya. Mimi niliziona kwa njia ya lori. Sheria ya usimamizi wa forodha ya 2004 ndiyo iliyofanya kuanzia Januari 2005 nchi tatu zitumie kitabu kimoja cha forodha. Kabla ya hapo, mzigo ukivuka mpaka unakutana na sheria nyingine kabisa. Kitabu hicho kilikaa mezani kwangu hadi jalada likang'oka. Ofisa akikuandikia faini isiyoeleweka, unamfungulia kifungu, mnasoma wote wawili, na mara nyingi sauti inashuka. Uzito wa lori kwenye mizani, mwisho tani 56, ni sheria yao pia. Na kile kituo kimoja cha mpakani: ofisa wa Kenya anakaa kwenye jengo lililo ardhi ya Uganda na kufanya kazi kwa sheria ya Kenya, Mganda naye vivyo hivyo upande huu, gari linasimama mara moja tu. Bila sheria ya 2016 iliyopita Arusha, ofisa huyo akivuka mpaka angekuwa mgeni kama wewe na mimi.

Mara moja nilikutana nao ana kwa ana. Kamati yao ya biashara ilikuja Busia kusikiliza watu, tukajazana ukumbini, mawakala mbele, mama wa omena na mitumba nyuma. Mama mmoja akasimama. Aliwauliza kwa nini ule utaratibu rahisi wa cheti cha asili, kinachoonyesha bidhaa imetoka nchi gani, wa mizigo isiyozidi dola 2,000, yeye hawezi kuupata bila kuzungushwa asubuhi nzima, mpaka anaona heri njia za panya. Waliandika. Kisha mmoja wao akasema ukweli ambao sikuutarajia: "Mama, sisi hatuna uwezo wa kumwamuru ofisa. Tutaandika ripoti, Bunge likiikubali inakwenda kwa mawaziri." Ukumbi uliguna. Mimi nilimheshimu kwa kutomdanganya.

Udhaifu wao mkubwa hata hivyo uko juu zaidi. Muswada ukishapita, lazima wakuu wa nchi wote watie saini. Mmoja akikataa, unarudi bungeni. Ukipelekwa tena na bado mmoja akakataa, umekufa hapo hapo. Yaani wabunge 72 wakubaliane, marais saba wakubali, wa nane akitikisa kichwa mnaanza upya. Halafu mbunge wa kawaida haruhusiwi kuleta muswada unaoitwisha Jumuiya gharama. Na nchi zikichelewesha michango, hata vikao vyenyewe vinaahirishwa. Kwa hiyo anayesema hawana meno hajakosea sana. Anayesema hawana kazi, aje nimpeleke mizani.

Ndugu wa Nakuru, kura yako inafika Arusha kwa mzunguko, kupitia mbunge na seneta utakaowachagua Agosti 2027, maana ndio watakaochagua tisa wengine. Mgombea akija kuomba kura, muulize atampigia nani ya Arusha. Mwaka 2022 nilimuuliza mmoja aliyetupata kibandani tukinywa chai. Alifikiri namuomba nauli.