Koki ni mbili: kulaza trekta kuukuu bila kuiua injini

Kijana mmoja aliyeingia gereji kwangu hapa Ngamiani mwaka huu alikuwa anapekua kitabu cha trekta la Massey Ferguson 135. Kitabu chenyewe kimelowa oili hadi kurasa zinanata. Akafika penye maelezo ya kuilinda injini isigande wakati wa baridi, akacheka. "Babu, hizi si tuzichane tukawashie jiko? Tanga hii barafu iko kwenye friza ya mama wa ubuyu peke yake."

Nikamwambia aziache. Nanyi mlioshika spana juzi msizichane, maana kosa linalopasua injini huko kwa wenye theluji ndilo linaloiozesha hapa pwani. Tofauti ni muda tu: kule ni usiku mmoja, hapa ni masika moja au mbili.

Tuanze na huyohuyo mama wa ubuyu. Mpe chupa ya kioo iliyojaa maji hadi shingoni, hataitia kwenye friza. Anajua asubuhi atakuta vigae. Maji yakiganda yanavimba kama sehemu 9 kwa kila 100, na yakikosa pa kuvimbia yanapasua kilichoyabeba. Bloki ya trekta, yaani mwili wa injini wenye njia za maji ndani, ni chuma cha kusubu, kigumu lakini hakijui kuvutika. Kikizidiwa kinachanika. Vile vifuniko vya bati vya duara ubavuni mwa bloki, ambavyo mafundi wengi huamini vimewekwa ili vifyatuke na kuokoa injini, kazi yake hasa ni kuziba matundu ya kutolea mchanga wa kalibu kiwandani. Vikifyatuka mapema ni bahati yako, usivitegemee.

Mkulima wa Uingereza anayelaza trekta lake, yaani kuliweka bila kazi, miezi ya baridi ana njia mbili: aikaushe injini isibaki na tone, au aweke kulanti, ile dawa ya rejeta inayozuia maji yasigande. Kulanti inachanganywa na maji. Nusu kwa nusu haigandi mpaka baridi ifike kama nyuzi 37 chini ya sifuri. Kuna wajanja wanaoimimina tupu wakidhani ndiyo kali zaidi. Tupu inaganda mapema, kama nyuzi 13 tu chini ya sifuri. Halafu ile ya kawaida ni tamu na ni sumu, inaharibu figo. Ukiimwaga uani kwenye mbuzi na watoto, umeweka mtego. Iwekeni kwenye dumu lenye mfuniko, na dumu lisiwe la soda.

Sasa mtauliza inatuhusu nini. Kwanza, matrekta haya hayakai Tanga yote. Ukimtengenezea mtu wa Makete au Njombe, ujue kule Juni na Julai kuna asubuhi majani yanaamka meupe kwa barafu. Usimpe injini yenye maji matupu. Pili, matrekta mengi yanayotufikia ni mitumba ya huko kwenye baridi, na mengine yanakuja na jeraha.

Mimi limenipata. Nililetewa 135 imetoka bandarini, rangi nyekundu inang'aa utadhani bibi harusi. Aina hii ilianza kutengenezwa 1964, sasa nyekundu mpya kwenye mzee wa umri huo ilitakiwa inishtue. Haikunishtua. Nikatia maji, nikawasha, ikaunguruma vizuri siku mbili. Siku ya tatu nachomoa kijiti cha oili, naona chai ya maziwa. Tulipokwangua rangi tukakuta mstari wa urefu wa kiganja ubavuni mwa bloki, umezibwa kwa gundi ya chuma. Huo wa nje. Wa ndani, uliokuwa unapeleka maji kwenye oili, hakuna aliyeweza kuuziba. Mwenye mali alinidai mimi, na sikuwa na la kumjibu.

Tangu siku hiyo trekta la mtumba haliondoki kwangu bila kipimo hiki, nacho hakitaki mashine. Jaza rejeta, washa injini mpaka ipate moto, zima, iache ilale. Asubuhi, kabla mtu hajagusa swichi, weka beseni chini na ulegeze nati ya kumwagia oili taratibu sana, izunguke kidogo tu. Maji ni mazito kuliko oili, yatakuwa yamekaa chini. Likitangulia tone la maji, funga nati umwite mwenye trekta aje aone mwenyewe. Ikitangulia oili, endelea na kazi, lakini ukwangue na rangi.

Upande wetu wa pwani nao nina aibu yangu. Nilipokuwa mwanafunzi wa karakana kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza, nilitumwa kulaza trekta lililokuwa likivuta matela ya majani hadi korona, ile mashine ya kuchuna katani. Nikafungua koki ya chini ya rejeta, maji yakatoka mpaka yakakata, nikafunga, nikaenda kula. Koki ya bloki sikuigusa. Maji yalikuwa ya kisima, na visima vya pwani mnavijua, hata chai inakolea chumvi. Trekta lilikaa karibu mwaka. Siku ya kulifufua, kifuniko cha bati cha nyuma ya bloki kilitoboka kwa ncha ya bisibisi kama ganda la yai, na njia za maji zilikuwa zimejaa kutu hadi nusu. Msimamizi hakunipiga wala hakunitukana. Alinipa waya, akanikalisha kwenye ile bloki siku nne nikichokonoa.

Basi koki ni mbili. Moja ya rejeta, moja ubavuni mwa bloki. Mwaga maji injini ikiwa na uvuguvugu, tope likiwa bado limetibuka, ila isiwe ya moto wa kuunguza. Fungua mfuniko wa rejeta kwanza ili hewa iingie. Trekta lisimame sawasawa, lisiinamie upande. Koki ya bloki ukiifungua isitoe kitu, usishangilie kwamba mna ukavu humo. Imeziba. Ingiza waya uchokonoe mpaka yatoke, kwanza mekundu, kisha yawe meupe. Ukimaliza, chukua kipande cha katoni, andika HAINA MAJI, kifunge kwenye usukani kwa uzi wa katani. Na kama mwenyewe anataka lilale na maji, basi iwe kulanti iliyochanganywa na maji ya mvua yaliyochujwa. Hata pasipo baridi, ina dawa ya kuzuia kutu.

Mengine nayapitia haraka. Oili ibadilishwe kabla ya kulaza, si baada, kwa sababu iliyotumika ina unyevu na asidi. Tangi la dizeli lijae, lisitoe jasho kwa ndani. Betri itoke. Bomba la ekzosi lililosimama wima livikwe kopo la maziwa ya unga, maana mvua ya masika ikiingia humo inashuka hadi kwenye valvu, na pistoni inashikana na silinda. Na tajiri akikwambia "niwashie dakika tano kila Ijumaa", mkatalie kwa adabu. Dakika tano hazipashi injini, zinaiachia jasho tu ndani. Au iwake mpaka ipate moto kamili, au ilale.

Yule kijana juzi amelaza trekta lake la kwanza. Nikamwona anarudi kwenye kitabu chenye kurasa zinazonata, anatafuta injini inabeba lita ngapi za maji. Kisha akapima yaliyotoka kwa ndoo yenye alama. Akahesabu, akahesabu tena.

"Babu, zimepungua lita mbili."

Sikumjibu. Alishainama kuutafuta waya.