Tasnifu Yako Ianzie Ofisi ya Kata

Ukifika msimu wa kuchagua mada za utafiti, wadogo zangu wanaosoma uzamili wa sera za umma hapa Dar es Salaam hunitafuta. Wanataka kujua wafanye nini ili shahada hiyo iwafikishe serikalini. Huwauliza kwanza: tasnifu yako unaiandika kwa ajili ya nani?

Naanzia hapo kwa sababu shahada peke yake haiwezi kubeba matumaini yote wanayoitwika. Ajira serikalini hufuata muundo wa utumishi wa kada husika. Soma tangazo la Mchumi au Afisa Maendeleo ya Jamii Daraja la II uone: kinachotajwa ni shahada ya kwanza na fani yake. Uzamili wako utakufaa baadaye, katika kupanda na kushika madaraka, ila mlangoni mnasimama sawa na kijana aliyemaliza mwaka jana. Wengi hulijua hilo wakiwa wameshalipa ada, na linawaumiza. Ni afadhali ulijue leo, kisha ujiulize uzamili unakupa nini ambacho shahada ya kwanza haikukupa. Kwa maoni yangu unakupa muda na ruhusa ya kuchunguza jambo moja la Serikali hadi ulielewe, na ofisi nyingi haziwezi kumpa mtumishi wao nafasi hiyo.

Mimi nilichunguza ada ya taka katika kata moja ya Temeke. Swali lilitoka kwa mtendaji wa kata mwenyewe: kwa nini kaya za upande mmoja wa mtaa zinalipa na za upande wa pili hazilipi? Nilizunguka na wakusanyaji, nikakaa na wajumbe wa mashina, nikasoma vitabu vya stakabadhi. Jibu lilikuwa kwenye vichochoro. Gari la mkandarasi halikuweza kupita huko, na masika hata mkokoteni ulikwama, kwa hiyo watu walikataa kulipia huduma isiyowafikia. Nilipoandika kurasa mbili za Kiswahili na kuzipeleka kwa afisa afya, niliitwa kueleza mbele ya Kamati ya Maendeleo ya Kata. Pale ndipo nilipojifunza jinsi diwani anavyouliza swali, na jinsi mwenyekiti wa mtaa anavyotetea watu wake. Somo hilo sikulipata darasani.

Kama unatafuta mada leo, itazame mikopo ya asilimia 10. Sheria inazitaka halmashauri kutenga sehemu hiyo ya mapato yao ya ndani kwa vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 Serikali iliisimamisha baada ya malalamiko ya vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa. Mwaka 2024 ikarejeshwa kwa utaratibu mpya, na halmashauri 10 zikachaguliwa kujaribu utoaji kupitia benki, Jiji la Dar es Salaam, yaani halmashauri ya Ilala, likiwamo. Hapo una mlinganisho uliojipanga wenyewe: benki Ilala, utaratibu wa halmashauri kwa jirani zake kama Temeke, na ni daladala moja tu kati yao. Lakini usiandike “athari za mikopo kwa vijana nchini Tanzania”. Kichwa kama hicho hakimsaidii afisa yeyote kuamua lolote. Uliza kama tarehe za marejesho zinalingana na mzunguko wa biashara ya mama lishe. Uliza kikundi huvunjika mwezi gani, na nani hubaki na deni. Na tafadhali, majibu hayo hayapatikani kwa kurusha hojaji kwenye magrupu ya WhatsApp.

Vibali vichukulie kama sehemu ya elimu yenyewe. Barua ya chuo hupita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka wilayani au kwa mkurugenzi, ndipo ifike kata. Fuatilia jalada lako masijala kwa adabu na subira. Utajua nani hupokea, nani hushauri na nani husaini, na siku ukiajiriwa hutakuwa mgeni wa njia hiyo.

Jingine ni kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili hadi Juni. Kabla ya hapo vipaumbele vimeshapita mitaani, kwenye kata na katika Baraza la Madiwani. Matokeo yako yakifika halmashauri mwezi Mei, hata yakiwa mazuri namna gani, ukomo wa bajeti, yaani kiwango cha juu cha fedha ambacho halmashauri inaruhusiwa kupanga, umeshagawanywa. Yapeleke wakati mapendekezo bado yanakusanywa. Na yawe dokezo fupi: tatizo, ulichokiona, hatua mbili tatu zinazowezekana, gharama ya kila moja, na nani atakayeisimamia. Mwandishi anayeacha gharama nje humwachia mkurugenzi kazi ngumu kuliko zote.

Maombi yenyewe hayana siri kubwa. Fungua akaunti mapema kwenye Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa maombi ya kazi za Serikali, vyeti vyako viwe vimethibitishwa na wakili, na jiandae kwa usaili wa kuandika kabla ya mahojiano. Uwe tayari kupangiwa mbali. Wizara ziko Dodoma, na halmashauri zenye uhaba mkubwa wa wataalamu haziko Kinondoni. Wakati unasubiri, hudhuria mijadala ya matokeo ya tafiti pale REPOA au ESRF, taasisi za utafiti wa sera na uchumi, ukasikilize watafiti na maofisa wa Serikali wakibishana juu ya takwimu zilezile.

Kwa wenzangu tuliohitimu na tuko ofisini: tusingoje kualikwa chuoni siku ya mahafali. Kila idara ina swali ambalo limekaa kwenye jalada kwa sababu hakuna mwenye muda wa kulichunguza. Muombe mkuu wako ridhaa, liandike swali hilo kwa aya moja, umpelekee mratibu wa uzamili wa chuo ulichosoma kabla wanafunzi hawajawasilisha mada zao.