Kaneloni za kamba zinazotoka na maji

Dada, umeuliza kwa nini kaneloni zako za kamba (mirija ya tambi iliyojazwa kamba) hutoka ovenini zikielea majini na kamba wenyewe wagumu. Tatizo ni kamba wa friza: wanaachia maji wakiiva, tena unawaivisha mara mbili.

Wayeyushe kabisa, wakaushe kwa kitambaa, kisha wakatekate vipande vya ukubwa wa njegere. Gramu 400 zikaange kwa siagi na kitunguu saumu dakika moja tu. Wakianza kuwa wapinki nje na bado wana ukijivu ndani, epua, chuja. Mchuzi wake usimwage, ndio utamu wa sosi. Wakipoa, changanya na rikota (jibini laini) gramu 250, yai moja na pilipili manga.

Sosi: siagi gramu 50, unga wa ngano gramu 50, maziwa mililita 700 pamoja na ule mchuzi. Iwe nyepesi kama uji wa kunywa, kwa sababu kaneloni kavu hunywa sana. Jaza kaneloni ule mchanganyiko wa kamba, kisha zifunike zote kwa sosi, ncha iliyobaki wazi hukakamaa.

Oka nyuzi 180, dakika 25 na foili, 10 bila foili. Subiri dakika 10 ndipo upakue.