Zile daftari za wodi zisichomwe

Swali la wiki lilikuwa hili: je, mhudumu wa afya ana haki ya kusema hadharani yaliyotokea hospitalini wakati wa korona? Mimi ni muuguzi hapa Moshi, mwaka wa kumi na nane sasa. Jibu langu ni ndiyo, na kwa upande wangu naliona ni deni.

Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 16, 2020, msafiri aliyeshuka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na kugundulika kwa jirani zetu Arusha. Haikupita miezi miwili, hesabu za taifa zikasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, zikakaa hapohapo zaidi ya mwaka. Wodini hakuna kilichosimama. Februari 2021 tulikuwa na mitungi miwili ya oksijeni na wagonjwa watano wanaohitaji. Spana ya kufungulia mitungi ilikuwa moja, nikaifunga kamba nikaivaa shingoni isije ikapotea gizani. Usiku mmoja mama mmoja kutoka Uru, hapa juu ya Moshi, alinishika mkono, vidole vya baridi, akaniambia, "Sista, mwanangu, usinizimie hewa." Mshale wa geji ulikuwa umeshalala kwenye nyekundu.

Alfajiri akafariki. Nilipofungua daftari la ripoti, kiongozi wa zamu akanisogelea: "Andika nimonia." Kipimo cha korona hakikufanyika, nikakosa cha kubishia. Nikaandika. Familia ikapewa kibali cha mazishi, wakamzika kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani kwao, watu wamejaa hadi kwenye migomba ya jirani, wanakumbatiana, hakuna aliyeambiwa hata avae barakoa. Wiki mbili hazijaisha nikampokea mdogo wake marehemu, anahema vilevile. Hapo ndipo panaponiuma hadi leo. Neno moja nililoandika kwa kuogopa liliwanyima watu nafasi ya kujikinga.

Huko nje wahudumu wengi wameibeba haki ya mhudumu kwa jina la uhuru wa tiba, yaani haki ya kukataa chanjo. Hospitali ya Houston Methodist, Marekani, Juni 2021, wafanyakazi 153 waliacha kazi au walifukuzwa kwa kukataa chanjo, na waliokwenda mahakamani kesi yao ikatupwa. England nako serikali ilitaka kuwalazimisha wauguzi, ikarudi nyuma mwanzoni mwa 2022. Hapa kwetu Rais Samia alipozindua chanjo Julai 28, 2021, ilisemwa ni hiari. Mimi nilijaza fomu nikachanjwa. Mwenzangu wa zamu alikataa, tukaendelea kupokezana wagonjwa na hakuna aliyemsumbua. Naona ndivyo inavyotakiwa.

Ila kuna jambo linachanganywa, na silikubali. Mkono wangu ni wangu, naweza kuukatalia sindano. Lakini nikivaa sare nikamwambia mama wa Machame kwamba chanjo inaleta utasa, sitetei uhuru wa mtu yeyote, namdanganya mgonjwa aliyeniamini. Uhuru ninaoudai ni wa kusema nilichokiona kwa macho yangu, bila kuhamishiwa kituo cha mbali wiki inayofuata.

Uingereza walianzisha uchunguzi wa umma kuhusu korona mwaka 2022, chini ya jaji mstaafu Heather Hallett. Wafiwa walitoa ushahidi, na watu wa hospitali nao wakatoa, mbele ya nchi nzima. Nilifuatilia kwenye simu na machozi yakinitoka, kwa sababu sisi hakuna aliyetuita tukae chini atuulize.

Simtafutii mtu jela. Yule aliyeniambia niandike nimonia naye alikuwa na watoto, na naye alikuwa na aliyempigia simu. Nataka tuulizwe maswali ya kawaida kabisa: mitungi ilikuwa mingapi, nani aliandika barua ya kuomba mingine, barua ilifika meza ya nani, akajibu nini. Na anayejibu alindwe kwa maandishi, maana ahadi za mdomo tumezizoea.

Daftari zetu za zamu za 2020 na 2021 zipo stoo, ndani ya viroba, chini ya magodoro mabovu. Niliziona mwezi uliopita nilipofuata mashuka. Panya wameshaanza kula kingo za karatasi, na nimesikia stoo itasafishwa. Naomba kabla hazijachomwa, mtu mmoja tu mwenye mamlaka aje azisome, na mimi nitakaa naye nimwonyeshe ukurasa wa yule mama wa Uru.