Lori hilo ni Commer ya TS3

Mkuu, umeuliza ni lori gani la zamani la Uingereza ambalo kebini yake haina nundu ya injini katikati, na linanguruma utadhani pikipiki kubwa. Kwa maelezo hayo, hiyo ni Commer yenye injini ya TS3 ya kampuni ya Rootes, iliyotoka 1954.

Injini imelazwa chini ya sakafu ya kebini. Chungulia: silinda 3, pistoni 6! Kila silinda ina pistoni mbili zinazotazamana, mafuta yanawaka katikati yake. Haina silinda hedi (kifuniko cha juu ya silinda) kabisa, kwa hiyo hata gasketi ya hedi hakuna. Dizeli ya stroki mbili, lita 3.26 tu, lakini nguvu farasi 105. Ukiona hedi, basi si yenyewe.