Geti lenye kutu na foronya ya kwanza

Mwanafunzi mpya akija kwangu, kitu cha kwanza hunionyesha simu. Amehifadhi picha mia nne, pengine mia sita: magauni, sebule, vikapu, maua ya karatasi. Halafu ananiambia hana wazo la kushona. Simcheki, maana nilikuwa hivyo hivyo. Nilikuwa na boksi la kurasa nilizochana magazetini, limejaa hadi kifuniko hakifungi, na mwaka mzima halikunitolea hata foronya moja.

Ubaya wa picha ya kitu kilichokamilika ni kwamba kazi imeshaisha. Mwenzako ameshachagua rangi, ameshapima, ameshakosea na kufumua. Wewe umeletewa mwisho tu, kwa hiyo unaweza kuiga au kukata tamaa, basi. Kitu ambacho hakijawa nguo wala pazia hakina jibu tayari. Kinakulazimisha ufikiri.

Kwangu kitu hicho kilikuwa geti. Nilipita pale kila siku nikiliona ni geti bovu la kutu. Siku moja nikasimama kusubiri nifunguliwe, na mwenye ufunguo akakawia, nikaanza kuliangalia kwa sababu sikuwa na lingine la kufanya. Kutu haikuwa rangi moja. Penye kutu nene palikuwa na hudhurungi iliyokaribia zambarau. Pembeni, maji ya mvua yalipochuruzika, palikuwa na michirizi ya machungwa, myembamba kama uzi. Kwingine kote ilibaki rangi ya zamani, samawati iliyofifia. Nikaandika kiganjani kwa kalamu: samawati sita, hudhurungi tatu, machungwa moja.

Nyumbani nilikuwa na mabaki ya vitambaa vya rangi hizo hizo, au zilizokaribia. Nikashona foronya, vipande vitatu vya upana sawa. Ikatoka mbaya. Ile machungwa ilipiga kelele, huwezi kuangalia pengine. Nilipochungulia kiganja ndipo nikaona nimechukua rangi nikaacha hesabu. Nikafumua, nikaikata machungwa iwe utepe wa upana wa kidole, nikaipitisha kando ya zipu tu. Foronya ikatulia.

Ndiyo maana siwaambii wanafunzi waandike "rangi nzuri" kwenye daftari. Maneno hayo hayakusaidii wiki ijayo. Andika kuna nini, kwa kiasi gani, na kimekaa karibu na nini. Dakika mbili zinatosha. Ukishindwa kusema kilichokuvutia ni nini hasa, simama hapo hapo uangalie tena. Mara nyingi utakuta si rangi, ni jinsi kivuli kilivyokata ukuta, au ni kwamba sehemu kubwa imeachwa tupu.

Hilo la "karibu na nini" wanaoanza hulipuuza, na ndilo linalowagharimu vitambaa. Katika karne ya 19 kulikuwa na mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia upakaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha Gobelins, mjini Paris. Walimlalamikia kwamba nyuzi nyeusi zimepauka. Alipozichunguza akakuta nyeusi haina kasoro. Ilionekana dhaifu kwa sababu ya bluu na zambarau zilizofumwa kando yake. Matokeo ya utafiti wake aliyachapisha mwaka 1839. Jaribu mwenyewe leo: kata kitambaa cha kijivu vipande viwili, kimoja kiweke juu ya njano, kingine juu ya bluu. Utaapa kwamba ni vitambaa viwili tofauti. Kwa hiyo usichague uzi wa kudarizi ukiwa umeushika mkononi. Ulaze juu ya kitambaa chenyewe.

Na mwanga nao una mambo yake. Niliwahi kupaka chumba kizima rangi niliyoichagua dukani, chini ya taa nyeupe kali. Kule ilikuwa kijivu ya kupendeza. Jioni ya kwanza nikawasha balbu ya chumbani, ukuta ukageuka kijani kama maji ya dimbwi. Muuza rangi hakuwa na kosa. Balbu ya Kelvini 2700 (Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga) hutoa mwanga wa manjano, na ukipanda Kelvini 5000 na zaidi mwanga unaelekea weupe wa kibuluu, sasa rangi ile ile itafananaje kote kuwili? Siku hizi napaka karatasi kubwa kwanza, naibandika ukutani, naihamisha kila ukuta, naitazama asubuhi, mchana na usiku. Chumba kikikuchosha na hujui kwa nini, kipige picha uibadilishe iwe nyeusi na nyeupe. Ukiona kila kitu kimekuwa kijivu cha aina moja, umepata ugonjwa: una rangi nyingi lakini zote zina uzito mmoja. Mto mmoja mweusi au taa moja nyeupe inaweza kumaliza kazi bila kununua kochi jipya.

Sasa kitambaa. Unaweza kuwa na wazo zuri kabisa na kitambaa kikalikataa. Wakati naanza niliona sketi inayoanguka kama maji, nikaikata kwenye pamba ngumu, ikasimama kama kengele. Kabla ya kuchora chochote, kishike kitambaa. Kivute kwa urefu, upande wa mtande, hakiendi. Kivute kwa upana, upande wa mshindio, kinasogea kidogo. Kivute mshazari, kona kwa kona. Hapo kinanyooka na kulegea chenyewe. Madeleine Vionnet, mshonaji wa Ufaransa aliyevuma miaka ya 1920, alijenga sifa yake juu ya kukata mshazari, na mitindo yake aliijaribu kwanza kwenye sanamu ndogo ya mbao. Mwige hapo kwenye udogo. Ukipunguza vipimo vyote kwa nusu, kitambaa kinachohitajika ni robo tu, na kosa lako linakuwa robo pia.

Vitu vinavyokuudhi navyo viangalie. William Morris, Mwingereza aliyechora vitambaa vya mapazia, alikuwa na ndege walioiba stroberi bustanini kwake. Mwaka 1883 ndege hao hao wakawa mchoro wa kitambaa ambacho bado kinauzwa hadi leo. Kwangu ilikuwa uzi kuniishia katikati ya kufuma. Nikamalizia kwa uzi mwingine uliokaribia rangi ile, nikaona aibu, na ndicho kipande ambacho kila aliyekiona alikishika. Tangu hapo huwapa wanafunzi rangi mbili tu kwa wiki ya kwanza. Wananung'unika hadi siku ya tatu.

Kuhusu kuiga: iga, mradi unajifunza. Kufumua nguo kuukuu ujue ilivyoungwa ni shule kuliko video kumi. Ila kuchukua mchoro wa mwenzako aliye hai ukauuza kwa jina lako, hapana, na usiniambie umebadilisha kola.

Zitakuja siku ambazo hauoni kitu. Geti ni geti, ukuta ni ukuta. Siku hizo sitafuti wazo. Napanga vifungo kwa ukubwa, nanoa mkasi, napiga pasi mabaki ya vitambaa na kuyakunja. Pasi ndiyo inayonisaidia zaidi, kwa sababu mabaki hayakai kwa mpangilio. Kipande unachokitupa juu ya kingine huangukia mahali ambapo usingekiweka kwa akili yako. Wiki iliyopita kitambaa cha mistari ya kijani kiliangukia juu ya kipande cha shuka la waridi lililopauka, nikaacha pasi ikipoa, nikaviunga vile vile kwa pini kabla sijavisogeza. Bado viko ukutani na pini zake, sijaamua ni mfuko au ni pindo la pazia.

Ile foronya ya geti ninayo. Zipu imebadilishwa mara mbili, na geti lenyewe walishalipaka rangi.