Mpima ardhi aitwe na majirani wote wawili

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii limenigusa: mpaka ukizua ugomvi kati ya majirani, je, kumwajiri mpima ardhi hukata mzizi wa fitina au huzidi kuuchochea moto? Nimekuwa msaidizi wa wapima ardhi kwa miaka mingi. Nafyeka njia ya kuonea, nachimba, nashika fimbo ya prizma, yaani kioo kinachorudisha mwali wa mashine ya kupimia, wakati mpima yuko kwenye mashine hiyo. Nimesimama katikati ya majirani waliokuwa hawasalimiani, na nilichokiona ni kwamba vipimo vilevile, vya mtu yuleyule, hupatanisha au hugombanisha kutegemea nani aliyemwita mpima na walikubaliana nini kabla hajafika. Akiitwa na mmoja, mwingine humwona kama wakili wa upande wa pili aliyekuja na mashine. Akiitwa na wote wawili, hata anayepungukiwa huyapokea matokeo, kwa sababu naye alishiriki kumtafuta.

Kwa hiyo mwendee jirani yako kwanza, kabla hujampigia mpima simu. Usiende na madai, nenda na pendekezo: "Jirani, mimi naona mpaka uko hapa, wewe unaona uko pale. Tutafute mpima mmoja tutakayemkubali sote, tulipe nusu kwa nusu, na kila mmoja apate nakala ya ripoti ileile." Yaandikeni hayo, hata kwenye ukurasa mmoja, mkisema pia mtafanya nini matokeo yakitoka. Ikionekana ua umeingia upande wa mmoja, je, utahamishwa? Nani atagharamia? Ukuta wa nyumba ukiwa umevuka, mtauziana kipande hicho au mtaachiana kwa hati? Maswali haya ni mepesi wakati hakuna anayejua nani atapungukiwa. Vigingi vikishapigwa, kila mtu anajua amesimama upande gani, na hapo kupata neno la pamoja ni kazi.

Jirani akikataa, ajiri mpima peke yako, ila mjulishe kwa maandishi siku ya kazi na umkaribishe ashuhudie. Mara nyingi alama tunazozitafuta ziko upande wake. Mtu akishtukia wageni wenye majembe na vifaa uani kwake, ugomvi wa mpaka unageuka kuwa ugomvi wa heshima, na huo hakuna mashine inayoupima.

Sasa niseme mpima anafanya nini hasa, maana hapa ndipo manung'uniko mengi huzaliwa. Wengi hutarajia atasimama kwenye ua unaogombaniwa, avute futi, aseme nani kala kiwanja cha nani. Lakini mpima wa mgogoro hufufua mpaka uliokwishawekwa. Hutafuta ramani ya upimaji wa kwanza na maelezo yake kwenye ofisi ya kumbukumbu, kisha huja uwanjani kutafuta alama ambazo mpima wa kwanza aliziacha ardhini. Hana mamlaka ya kuuweka mpaka mahali anapoona ni haki, wala ya kuwagawia majirani pungufu ili wote waridhike.

Ndiyo maana huanzia mbali. Mama mmoja aliwahi kumuuliza mpima niliyekuwa naye, kwa uchungu kabisa, "Mwanangu, ugomvi uko hapa, mbona unaanzia kule njia panda?" Akamjibu, "Mama, nikianzia kwenye ua mnaougombania, nitakuwa nimeshaamua kesi kabla ya kupima." Huko mbali alikuwa anatafuta bikoni, yaani alama za mpaka zilizowekwa ardhini, zilizotulia na ambazo hakuna anayezibishia. Anapima kutoka moja hadi nyingine na kulinganisha na ramani. Zikikubaliana, ana msingi wa kuaminika, na kutoka hapo anakokotoa alama iliyopotea ilipaswa kuwa wapi. Zisipokubaliana, lazima ajue ni ipi iliyosogezwa kabla hajaendelea. Kazi hiyo ya kuzunguka mtaa ndiyo inayokula muda, na ndiyo mnayoilipia, hata kama kigingi kitakachowekwa ni kimoja tu.

Baada ya hesabu huja zamu yangu ya kuchimba. Kitambua chuma kinalia, nachimbua, natoa msumari wa ua. Kinalia tena, natoa kipande cha waya. Nashuka chini zaidi, taratibu, kwa mwiko badala ya jembe, kwa sababu jembe likigonga chuma cha mpaka linaweza kukiinamisha na ushahidi umeharibika. Kisha udongo unabadilika rangi: duara la kutu, wekundu uliochanganyika na weusi, na katikati yake kichwa cha nondo. Alama ikiwa ilikuwa kigingi cha mti, huenda mti wenyewe umeshaoza, lakini shimo lake hubaki, limejaa udongo mweusi na laini kuliko ule wa pembeni. Mpima mzuri hupiga magoti akaukagua udongo huo. Ningependa kila jirani mwenye hasira aione saa hiyo, wote wawili wameinama juu ya shimo moja wakitazama kitu kilichokuwepo kabla yao. Makelele mengi niliyoyasikia yaliishia hapo.

Kuhusu vipimo vya kienyeji, naomba niseme kwa msisitizo, kwa sababu vimevunja ujirani wa watu wema. Simu yenye ramani ya setilaiti, hata chini ya anga wazi, inaweza kukosea kwa mita 5 hivi, na karibu na ukuta au chini ya miti hukosea zaidi. Ugomvi wenu ni wa nusu mita. Kifaa cha setilaiti anachotumia mpima hufikia usahihi wa sentimita chache, nacho kikizibwa na miti au majengo huwekwa pembeni, tukarudi kwenye mashine na prizma. Hata picha ya angani iliyochorewa mistari ya viwanja si ushahidi wa mpaka, kwa kuwa mstari na picha vinaweza kuwa vimepishana kwa mita kadhaa.

Futi nayo ina mtego wake, na mtego mkubwa ni mteremko. Umbali kwenye ramani ya upimaji huandikwa kwa mlalo, kama vile ardhi ni tambarare. Wewe unavuta futi juu ya ardhi inavyoinama. Kwenye mteremko wa nyuzi 10, upande ulioandikwa mita 30 kwenye ramani utatoa karibu mita 30.46 kwenye futi yako. Jirani akipima kiwanja chako hivyo, ataapa kwamba umemwibia nusu mita, na anaamini anachosema, kwa sababu namba ameiona kwa macho yake. Hakuna aliyeiba. Alama ziko palepale zilipowekwa.

Ramani nayo isomwe kwa akili. Kwenye ramani ya skeli ya 1:2500, yaani milimita 1 ya ramani ni mita 2.5 ya ardhi, mstari wenye unene wa nusu milimita unafunika mita 1.25 ya ardhi. Huwezi kutatua ugomvi wa sentimita 40 kwa mstari unaoficha zaidi ya mita, hata ukiukuza kwenye kompyuta. Kuna nchi ambazo ramani ya hati kwa kawaida huonyesha mpaka wa jumla tu, yaani wa kukadiria bila kutaja mstari kamili, Uingereza ikiwa mojawapo. Ramani za zamani zaidi zilipimwa kwa mnyororo, kama ule wa Edmund Gunter wa mwaka 1620 wenye urefu wa futi 66, na pembe zikachukuliwa kwa dira. Kaskazini ya sumaku huhama kadiri miaka inavyopita, na kosa la nyuzi 1 tu kwenye umbali wa mita 100 linakupeleka pembeni mita 1.75.

Kwa sababu hizo, katika nchi nyingi alama ya awali iliyothibitishwa kuwa haijaguswa huwa na nguvu kuliko namba iliyoandikwa kwenye ramani. Ukubwa wa eneo ulioandikwa kwenye hati, ambao ndio watu huutaja kwa sauti kubwa zaidi, huwa karibu mwisho kabisa katika mizani ya ushahidi. Na ndiyo maana kuondoa au kusogeza bikoni ni kosa la jinai katika nchi nyingi. Kumbukumbu la Torati linakataza kuiondoa alama ya mpaka wa jirani, na Mtume Muhammad ameonya juu ya anayedhulumu hata shibiri moja ya ardhi. Ukiiona bikoni imelegea, iache hivyohivyo, ipige picha, mwite mpima. Usiishindilie mwenyewe, hata kwa nia njema.

Wakati wa kumchagua, hakikisha ana leseni halali ya kupima mipaka, kwani wapo wapimaji hodari wa barabara na majengo ambao hawaruhusiwi kutoa ripoti ya mpaka. Muulize kama bei yake inajumuisha kutafuta kumbukumbu, kuweka alama ardhini, na ripoti yenye saini. Muulize pia kama atakuwa tayari kuitetea ripoti hiyo mbele ya mahakama. Anayekwepa swali hilo mwache. Anayekuahidi ushindi kabla hajaona ramani mwache upesi zaidi.

Ikitokea kila mmoja ameleta mpima wake na majibu hayalingani, msirushiane ripoti. Wakutanisheni wapima hao uwanjani na muwaulize kitu kimoja: kila mmoja alianzia alama zipi? Tofauti ya sentimita mbili tatu ni ya kawaida. Tofauti kubwa mara nyingi hutokana na mmoja kuiamini bikoni ambayo mwenzake ameikataa, na wakizungumza wao kwa wao, juu ya alama yenyewe, huelewana haraka kuliko mawakili wao.

Lipo jambo moja ambalo mpima halimalizi, na ni vizuri lijulikane mapema. Yeye huonyesha mpaka wa kwenye kumbukumbu uko wapi, na ua au ukuta uko wapi. Nani sasa ana haki na kipande kilicho katikati ni suala la sheria. Katika nchi nyingi mtu aliyekitumia kipande cha ardhi waziwazi, bila ruhusa, kwa miaka inayotajwa na sheria, anaweza kukidai. Kwa hiyo vipimo vikionyesha kwamba ua wa jirani umeingia kwako na huna haja ya kuubomoa, usinyamaze kwa wema. Mpe ruhusa kwa maandishi, aitie saini, ili ijulikane kwamba yupo hapo kwa idhini yako. Mkiamua kuuziana au kuurekebisha mpaka, isiwe kwa mdomo wala kwa ukuta mpya peke yake. Mwanasheria aandae hati, mpima achore ramani ya mabadiliko, na vyote visajiliwe, la sivyo atakayenunua baadaye atafufua mpaka wa zamani na ugomvi utaanza upya kwa watu wasiohusika.

Pia si kila ugomvi unahitaji mpima. Bikoni zikionekana na nyote mnazikubali, vuteni kamba kati yake mfanye kazi zenu. Na kama kinachowauma hasa ni matawi, maji ya mvua au kivuli, semeni hilo. Nimeona watu wakilipia upimaji mzima, mpaka ukaonekana uko sawasawa na ua, na bado wakaachana na nyuso zimekunjwa, kwa sababu mfereji uliokuwa ukimwaga maji ukutani haukuguswa na mtu.

Kazi ikiisha, mwombeni mpima awaonyeshe kila alama akiwa bado yupo, pigeni picha kila moja ikiwa na kitu cha kudumu nyuma yake, na kila nyumba iweke nakala ya ripoti pamoja na hati. Kama mmoja wenu ana mpango wa kujenga ukuta, ajenge baada ya hapo, na fundi aonyeshwe bikoni kabla hajachimba msingi, kwa sababu alama nyingi nilizozikuta zimepotea ziliondolewa na mafundi ambao hakuna aliyewaambia ile nondo ilikuwa ya nini.